Nani Kasema Ziwani Hakuna Baridi?

Mwaka jana, darasani, tulipewa zoezi la kutafsiri. Lilikuwa tangazo fupi la muuza nguo wa Ulaya, likimweleza msomaji namna ya kuchagua koti jepesi, lenye kutia joto na lisilopitisha maji, kwa ajili ya matembezi ya majira ya baridi. Tulipofika sentensi ya pili darasa zima likaangua kicheko. Mwenzetu mmoja akasimama akasema: "Mwalimu, sisi winta ya nini? Tupe kitu kinachotuhusu." Mwalimu akatabasamu, akakusanya makaratasi yake, akatupa badala yake habari ya kilimo cha michikichi. Mimi nilicheka kama wengine, pengine kuliko wengine. Insha hii naiandika kwa sababu ya kicheko hicho.

Kwetu ni Magara, kwenye barabara itokayo Bujumbura kuelekea Rumonge, mahali ambapo milima inashuka karibu kuingia majini na nyumba zimebanwa kati ya lami na ziwa. Watu wa mjini wanapajua kwa ufukwe. Huja Jumapili saa sita, huagiza mukeke wa kuchoma, huogelea, hupiga picha, na jua likianza kuelekea milima ya Kongo hurudi kwao. Ukiwauliza hali ya hewa ya Magara watakuambia ni joto, na hawadanganyi. Lakini hiyo waliyoiona ni Magara ya mchana. Magara inayolipa ada za shule, pamoja na zangu, hufanya kazi usiku.

Ndagala huvuliwa gizani. Taa huwashwa juu ya maji, samaki huufuata mwanga, kisha wavu hupandishwa kutoka chini yao. Ndiyo maana mwezi ukiwa mpevu kazi husimama, kwa kuwa taa haina nguvu ya kushindana na mwezi. Kwa hiyo usiku wa kazi ni usiku wa giza, na kwa miezi mingi ya mwaka ni usiku wa mvua pia. Chombo chenyewe ni boti mbili au tatu zilizounganishwa kwa miti, na kile kikubwa zaidi huitwa apolo. Hakina paa. Mvuvi hutoka jua likizama na hurudi alfajiri, na muda mwingi kati ya hapo hafanyi kitu cha kumpasha moto. Anakaa, anatazama maji, anasubiri. Kisha ghafla anavuta kamba kwa nguvu zake zote mpaka jasho limtoke, halafu anakaa tena, na jasho lile linampoa mgongoni.

Usiku hewa ya kando ya ziwa huweza kushuka hadi nyuzi 18 au 20 hivi. Najua kwamba mtu wa Norway akisoma takwimu hii atacheka kama tulivyocheka sisi. Nyuzi 18 si baridi kwa mtu mkavu aliyekaa sebuleni. Mloweshe mtu huyo, umweke kwenye upepo, umnyime nafasi ya kutembeatembea, umwache hapo saa sita. Maji huondoa joto mwilini kwa kasi ya mara 25 hivi kuliko hewa tulivu. Mwili wa mtu hukaa kwenye nyuzi 37, na ukishuka chini ya 35 madaktari husema ameingia katika haipothemia: anatetemeka, vidole vinapoteza nguvu, ulimi unakuwa mzito, na akili inaanza kuamua mambo ya ajabu. Theluji haihitajiki. Linalohitajika ni nguo iliyolowa na usiku mrefu. Na mtu ambaye vidole vyake haviwezi tena kufunga fundo, juu ya ziwa ambalo mahali penye kina kikubwa zaidi linafika meta 1,470, hatasaidiwa na sisi wasomi tunaomhakikishia kwamba Afrika haina baridi.

Baba yangu mdogo ni mmoja wa watu hao. Miaka mitatu iliyopita alinunua kabuti sokoni Rumonge. Lilikuwa la sufu, zito, la rangi ya majani makavu, la jeshi la nchi ambayo hatukuweza kuijua kwa vifungo vyake. Alilipenda mno. Wenzake wakaanza kumwita Jenerali. Na alilichagua kama watu wengi wanavyochagua koti kwetu: aliliinua kwa mkono mmoja, na kwa kuwa liliuvuta mkono chini, akaridhika kwamba pesa yake imekwenda mahali pazuri. Uzito ndio ubora. Kitu chepesi ni kitu cha kudanganyia watoto.

Usiku mmoja wa Aprili mvua iliwakuta mbali, na upepo juu yake. Kabuti likanywa maji mpaka likashiba. Sufu ina sifa yake, sitaki kuisingizia: hata ikilowa hubakiza joto kidogo, tofauti na pamba ambayo ikilowa ni afadhali usiwe nayo. Lakini kabuti zima la sufu iliyolowa ni mzigo wa mtu mwingine juu ya mabega yako. Alilivua, akabaki na fulana. Akatetemeka, akalivaa tena. Akalivua tena. Baadaye alipotusimulia hakulalamikia mvua wala kazi iliyoharibika. Alisema jambo moja tu ambalo sijalisahau: "Ningeteleza na kabuti lile, ningeshuka kama jiwe, na hakuna ambaye angejua ni wapi." Walipofika pwani alfajiri hakuweza kufungua mfuko wake mwenyewe wa chakula. Akalala na homa ya mapafu kwa wiki mbili, katika msimu mzuri wa ndagala, na shangazi akauza mbuzi. Kabuti lenyewe lilikauka baada ya siku nne.

Sasa turudi kwenye lile tangazo tulilolicheka. Lilisema koti liwe jepesi, litie joto, lisipitishe maji. Nani duniani anayahitaji mambo hayo matatu kwa pamoja kuliko mtu huyu? Mtalii wa Ulaya akilowa ana gari lake chini ya mlima na hoteli mbele ya gari. Akikosea koti, amekosea Jumamosi moja.

Na kama mtu ataniambia kwamba koti hilo kwa asili ni la watalii, basi ajue historia yake. Neno anorak, ambalo lugha nyingi za Ulaya hulitumia kwa koti la aina hii, limetoka Greenland, kwa watu waliowinda sili wakiwa ndani ya mitumbwi myembamba ya ngozi. Baadhi ya mavazi yao ya ngozi yalifungwa kwenye mdomo wa mtumbwi wenyewe, maji yasipate pa kuingilia, na mengine yalishonwa kwa matumbo ya sili, mepesi na yasiyopitisha tone. Na koti la manyoya ya bata lililokuja kuwa maarufu Marekani lilianza kuuzwa mwaka 1936 na Eddie Bauer, mwenye duka wa Seattle. Husimuliwa kwamba alilibuni baada ya kunusurika kufa kwa baridi katika safari ya kuvua samaki, koti lake la sufu likiwa limelowa chepechepe. Nilipoyasoma hayo nilimkumbuka Jenerali wetu. Vazi hili lina wazazi wawili, nao ni mwindaji wa mtumbwini na mvuvi aliyelowa. Watalii walilikuta tayari.

Katika ukanda wetu huu wapo pia wengine ambao kwao koti ni jambo la kazi. Kilimanjaro ina meta 5,895, na wanaobeba mizigo ya wageni kuelekea huko ni vijana wa Tanzania ambao wengi hawana uwezo wa kununua nguo zinazofanana na zile za wanaowabebea. Lipo shirika liitwalo Kilimanjaro Porters Assistance Project ambalo huwaazima wapagazi nguo za baridi bila malipo. Huwaazima, maana yake hawana. Na hapa kwetu, yeyote aliyepanda basi kutoka Bujumbura kwenda Bugarama ya Muramvya amewaona wale vijana wa baiskeli wanaoteremsha ndizi, kutoka zaidi ya meta 2,000 mpaka kwenye joto la mji kwa mteremko mmoja. Juu wanatetemeka kwenye ukungu, chini wanachuruzika jasho. Koti lao inabidi liweze kukunjwa likaingia chini ya kamba ya mzigo. Huo ndio wepesi, na si urembo.

Nilipopata pesa kidogo nikaamua kumnunulia baba mdogo koti la maana. Hapa nakiri kosa, kwa sababu mtu anayewakosoa wengine kwa kutojua kuchagua lazima aseme na yeye alichaguaje. Nilikwenda soko la Ngagara. Muuzaji alikuwa amesimama juu ya rundo akiimba kama wote: "Dada, chagua, chagua! Hili la Kanada!" (Ndugu zetu wa Rwanda mitumba wameiita caguwa kabisa, kutokana na neno letu hilohilo, nadhani ni neno la Kiswahili lililosafiri kwa bei rahisi kuliko yote.) Nikachagua koti lililonipendeza mkononi: limejaa manyoya, limevimba, na halina uzito wa hata mkate. Faranga elfu arobaini baada ya kubishana. Nikaenda nyumbani nikijiona msomi.

Mvua ya kwanza ikalimaliza. Manyoya ya bata hutia joto kwa sababu yanashika hewa katikati yake, na yakilowa hujikunyata, hewa inatoka, na joto linakwenda nayo. Alfajiri ile koti lilikuwa limekuwa mfuko wa nailoni wenye uji mzito kwenye pindo. Baba mdogo alilininginiza kwa kidole kimoja mbele ya nyumba nzima, akasema: "Binti yangu, umeniletea bata aliyekufa." Na harufu ilimuunga mkono.

Kumbe tatizo hili lilikwisha kufikiriwa na wengine. Katika miaka ya 1980 jeshi la Marekani lilitaka kitu cha kushika nafasi ya manyoya kwa askari wanaolowa, na ndipo ukatengenezwa ujazo wa nyuzi laini za poliesta uitwao PrimaLoft. Sasa ziko aina nyingi za jinsi hiyo, chini ya majina mengi. Nyuzi hizo ni nzito kidogo kuliko manyoya na haziishi miaka mingi kama manyoya, lakini hazinywi maji, na zikilowa ukazikamua bado hushika hewa. Kwa mtu anayepanda mlima mkavu wenye barafu, manyoya ni mfalme. Kwa ziwani, nasema bila kusita, manyoya ni marufuku. Wale wanaosema koti ni koti waje Magara wanuse.

Tangu hapo nimekuwa mtu wa kuchosha wauzaji, na ningependa wenzangu wachoshe pia. Kwanza nalibinya koti kwa vidole viwili. Yakiwa manyoya, utaguswa na vijiti vidogo vya unyoya kama miiba ya ndagala; zikiwa nyuzi, ni laini moja kwa moja kama blanketi la mtoto. Halafu nalibandika mdomoni nalipuliza. Kitambaa kikiruhusu pumzi, upepo wa ziwa utapita pia, na maji yatafuata baadaye. Kisha naligeuza nje ndani, jambo ambalo wauzaji hawalipendi, natafuta mishono. Mahali sindano ilipopita pana tundu, na koti zuri limefunikwa matundu hayo kwa utepe uliobandikwa kwa joto. Koti lisilo na utepe huo linaweza kuandikwa maneno yote ya dunia kifuani, lakini begani litavuja. Utepe ukiwa umeanza kubanduka, au ndani pakiwa pananata kama gundi ya zamani, achana nalo: ule utando wa plastiki umekwisha kuoza, na joto na unyevu wa kwetu huuozesha haraka zaidi. Mitumba mingi ya koti hufia hapo. Kwa nje linang'aa, ndani ni maiti.

Kuna jambo la jasho ambalo watu hulidharau. Wavuvi wengi hujifunga shitingi, yale maturubai ya plastiki yaliyoletwa na mashirika ya wakimbizi miaka ya vita na ambayo mpaka leo ni paa, ni ukuta, ni koti. Shitingi haipitishi mvua, ni kweli kabisa. Lakini haipitishi jasho pia. Ukivuta wavu ukiwa ndani yake unalowa kutokea ndani, na nusu saa baadaye unakaa ukitetemeka ndani ya plastiki kavu. Mwaka 1969 Mmarekani Bob Gore aligundua kwamba aina fulani ya plastiki ikivutwa kwa ghafla hupata vitundu vidogo mno, na kutokana na hiyo ukatengenezwa utando wenye vitundu ambavyo tone la maji haliwezi kupita lakini mvuke wa jasho hupita. Ndiyo ile Gore-Tex ambayo vijana wa sokoni huitamka kwa heshima hata ikiwa imeandikwa kwenye koti la pamba. Jina lisikushughulishe. Mwagia tone la maji, uone kama linaviringika. Kama linaenea na kuacha doa jeusi, bado si mwisho, kwa kuwa mara nyingi ni sabuni ya unga imeziba kitambaa. Lifue kwa maji mengi bila sabuni, lipitishe pasi ya joto dogo sana juu ya kitambaa kingine, ujaribu tena. Nimefufua mawili hivyo. Moja nililiunguza.

Mengine ni ya kutazama kwa macho tu: kofia inayokaza, mikono inayofunga kiwikoni mwa kiganja, kipande cha kitambaa kinachofunika zipu. Koti lisivuke nyonga, maana mvuvi huchuchumaa na kuruka toka boti hadi boti. Na rangi iwe kali. Hapa niligombana na baba mdogo, ambaye aliona koti la rangi ya chungwa ni la wanawake au la wafagia barabara. Nilimwambia mtu akianguka usiku hutafutwa kwa tochi, na tochi haimpendi mwenye koti jeusi.

Nimefika sasa kwenye ugomvi mkubwa zaidi. Chuoni tulikuwa na mdahalo kuhusu mitumba, na upande uliotaka ipigwe marufuku ulishinda kwa kura nyingi. Hoja zao nazijua, na baadhi ninaziheshimu. Machi 2016 wakuu wa nchi za Jumuiya ya Afrika Mashariki walikubaliana kuiondoa mitumba hatua kwa hatua ili viwanda vyetu vipumue. Rwanda ilisimama imara: ikapandisha ushuru kutoka senti 20 za dola kwa kilo hadi dola 2.50, na mwaka 2018 Marekani ikaiadhibu kwa kuondoa nafuu ya ushuru kwa nguo zake zinazoingia huko. Kenya, Uganda na Tanzania zilirudi nyuma. Wenzangu waliisimulia habari hiyo kama hadithi ya heshima, na kweli ina heshima ndani yake. Hakuna anayefurahia kuvaa alichokichoka mwingine.

Lakini niliwauliza swali ambalo halikujibiwa, nalirudia hapa kwa maandishi ili lisimezwe na makofi: nionyesheni kiwanda. Soko la Ngagara ambako nilinunua bata wangu, wengi bado huliita Cotebu, na Cotebu lilikuwa jina la kiwanda cha nguo cha Bujumbura. Kiwanda kilifungwa, jina likabaki kwenye soko la nguo za wengine. Mwenye kutaka kulia na alie hapo. Hata hivyo, siku zake nzuri kiwanda kile kilikuwa cha pamba. Pamba ni nzuri kwa kitenge, kwa shuka, kwa sare ya shule. Kwa mvuvi usiku wa mvua pamba ndiyo nguo mbaya kuliko zote. Kufungua tena viwanda vya pamba, ambako nakuunga mkono kwa mikono miwili, hakutatoa hata koti moja la kazi kwa ziwa. Leo hii, koti lisilopitisha maji linalofika Magara kwa bei ambayo mvuvi anaweza kuifikiria linatoka katika rundo la mitumba, na mahali pengine sijapaona. Mkiliondoa rundo hilo kesho, mwanasheria atanunua suti mpya, mwanafunzi atalalamika kidogo, na baba mdogo atarudi kwenye shitingi.

Nilijibiwa kwamba ninaweka tumbo mbele ya utu. Sikubali. Utu wa nani unaozungumzwa? Wa msemaji aliye ukumbini chini ya taa za umeme, au wa mtu aliyeshindwa kufungua mfuko wake wa chakula? Kama ushuru ni lazima, basi utenganishe: suruali za jinzi na fulana zenye picha zitozwe watakavyo, ila nguo za kazi za mvua, pamoja na buti na makoti, ziingie bila kitu mpaka siku tutakaposhona zetu. Wapo mafundi cherehani Rumonge wanaoweza kushona chochote wakipewa kitambaa na utepe. Tuwaletee hivyo viwili. Hilo lingekuwa pendekezo la mdahalo, badala ya kuimba.

Nina neno pia kwa idara yetu ya lugha, maana sisi ndio tuliocheka. Kiswahili chetu cha hapa kinatumia "jaketi" kwa vitu viwili: nguo ya baridi na lile boya la kuvaa kifuani. Kwa mtu wa mjini haidhuru. Ziwani nimesikia kwa masikio yangu kijana akimwambia mwenzake kwamba koti lake lililovimba ni "jaketi" na kwa hiyo linaelea. Nilichukua lile la manyoya, kwa kuwa lilikuwa limeshakufa, nikalitupa majini na jiwe dogo mfukoni. Lilielea. Watoto wakashangilia. Hewa ilipokwisha kutoka, likaanza kujaa, na kabla wanawake hawajamaliza kuanika ndagala wa asubuhi ile lilikuwa chini. Koti linakuweka na joto ili vidole vyako vifanye kazi, halikuokoi ukianguka. Anayeweza kununua kimoja tu, anunue boya. Darasa la tafsiri lililoona tangazo la koti halina la kutufundisha lingeweza kuanza na neno hilo moja: liitweje, lisichanganywe na nini, na mvuvi wa Magara atalielewaje likiandikwa kwenye bango la pwani. Jaketi la kuokoa maisha ni refu mdomoni, lakini halidanganyi. Boya la kuvaa ni fupi zaidi. Wenye majina bora wayatoe.

Koti la pili la baba mdogo lina miezi kumi na minne sasa. Ni la nyuzi, la rangi ya chungwa iliyofifia, lina utepe kwenye mishono yote isipokuwa kwapa la kushoto ambalo tulilibandika kwa gundi ya kuzibia mipira ya baiskeli. Jina la Jenerali limekwisha. Siku hizi wanamwita Chungwa, na amezoea. Halijamletea usiku wa raha, maana ziwani hakuna usiku wa raha, lakini mwezi uliopita walipigwa na mvua tangu saa tano mpaka karibu na alfajiri, akarudi akafungua mfuko wake mwenyewe na kula mihogo yake amesimama. Tatizo ni zipu. Meno matatu yameng'oka, na fundi wa hapa ameweka vifungo vya kubonyeza vya suruali ya mtoto, ambavyo vinafunga lakini vinaacha mwanya wa upana wa kidole, na maji yanaingia papo hapo kifuani. Natafuta zipu nene ya plastiki ya sentimeta 70, yoyote ile. Sokoni Ngagara wananiambia zipu haiuzwi peke yake, ninunue koti zima.